Simu Zilizosimama Dakani

Simu iliyozama baharini kati ya Mokowe na mji wa Amu, kule Lamu, haimtishi mwajiri. Mwenyewe atazililia picha zake na pesa alizoinunulia, abiria wenzake watampa pole, boti itaendelea na safari, na barua za ofisi zilizokuwa ndani ya simu ile zitakwenda nayo chini, kwa kuwa changu na tafi hawasomi barua pepe. Simu ya kuogopwa ni ile isiyozama. Ni ile aliyopewa mpwa anayesoma Mombasa baada ya mjomba kununua mpya; ni ile iliyouzwa kwa fundi kwa bei ya kutupa kwa sababu kioo kimepasuka; ni ile iliyosahauliwa gatini ikaokotwa na asiyejulikana. Na mbaya kuliko zote ni ile iliyomo mfukoni mwa mtu aliyeacha kazi miezi minane iliyopita, ambayo kila asubuhi ingali inapokea barua za kampuni kana kwamba mwenyewe yuko likizo tu. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyevunja mlango. Ofisi yenyewe ndiyo inayompelekea barua hizo, moja baada ya nyingine, na haijui.

Kutojua huku hakuna udhuru, maana seva ya barua pepe yenyewe inajua. Mitambo inayotumiwa na mashirika mengi, iwe ni Exchange ya Microsoft au huduma ya Google kwa biashara, huweka kumbukumbu ya kila simu na kila kishikwambi kilichounganishwa na sanduku la barua la mfanyakazi. Msimamizi wa mtambo anaweza kuitoa kumbukumbu hiyo kama orodha, kwa amri fupi au kwa kubofya mara mbili tatu, na akaipitia kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa tungu. Ninachodai hapa ni jambo moja. Ofisi yoyote ya Lamu inayowaruhusu watu wake wasome barua za kazi kwenye simu zao, iwe ya kaunti, ya hoteli, ya hospitali au ya shirika la kutetea mazingira, inawajibika kuitoa orodha hiyo na kuisoma walau mara moja kwa mwezi. Na orodha yenyewe, ikiwekewa mipaka inayostahili, humlinda mfanyakazi sawa na inavyomlinda mwajiri. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye ubishi, nami nitaikawilia.

Kwanza tuone simu inavyoingia katika orodha. Mfanyakazi anapoandika anwani na nywila yake ndani ya simu, simu hujitambulisha kwa seva: hutaja aina yake, modeli yake, toleo la programu inayoiendesha, na namba ya utambulisho inayoitenga na simu nyingine zote. Seva huifungulia ukurasa. Katika Exchange, mazungumzo haya hupitia utaratibu uitwao ActiveSync, na katika ukurasa huo huandikwa siku simu ilipobisha hodi mara ya kwanza, saa ilipochukua barua mara ya mwisho, kama ilikubali masharti ya ofisi, tuseme lazima iwe na namba ya siri ya kuifungua, na kama imeruhusiwa, imezuiwa, au imewekwa karantini ikingoja uamuzi wa msimamizi. Neno karantini si mzaha wangu. Ndilo linalotumika kwenye mtambo tangu toleo la 2010. Sanduku moja linaweza kubeba simu nyingi kuliko mtu anavyodhani. Katika matoleo ya baadaye ya Exchange, kikomo kilichowekwa tangu kiwandani ni vifaa 100 kwa mtu mmoja. Vifaa mia! Hakuna mwenye mifuko ya kuvitia, lakini seva haishangai wala haiulizi.

Anayeisoma orodha hatafuti mambo mengi. Hutafuta majina ya watu walioondoka kazini. Hutafuta simu ya aina ambayo mwenye sanduku hajapata kuwa nayo. Hutafuta simu inayoendeshwa na programu ya zamani mno, isiyopata tena marekebisho ya usalama kutoka kwa walioiunda. Hutafuta pia simu iliyonyamaza, ambayo haijachukua barua kwa miezi mitatu au minne, kwa sababu simu iliyonyamaza ni simu iliyopotea, iliyouzwa au iliyofia kabatini, na ofisi haina budi kujua ni lipi kati ya hayo matatu. Wengi hudhani kubadili nywila kunamaliza kazi. Hakumalizi. Nywila mpya huzuia barua zijazo. Zile zilizokwisha kushuka ndani ya simu hubaki humo zikisomeka, pamoja na viambatisho vyake, mpaka mtu azifute.

Kuna atakayesema basi tukataze barua za kazi kwenye simu, mambo yaishe. Huyo hajasafiri visiwani. Kaunti ya Lamu ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, na watu hao wametawanyika Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, na bara kutoka Witu na Mpeketoni hadi Kiunga mpakani. Pate peke yake ina miji kadhaa, Faza, Siyu, Kizingitini na Pate yenyewe, na afisa aliyeko huko akitaka kufika makao makuu hutegemea boti, nayo boti hutegemea maji: kwa miaka mingi mlango wa Mkanda, unaopita baina ya Manda na bara, ulisubiri maji yajae ndipo upitike. Ofisi za kaunti zenyewe zimegawanyika baina ya Amu na Mokowe, na uwanja wa ndege uko Manda. Katika jiografia ya namna hii simu ni meza, ni kabati la mafaili, ni tarishi. Mwalimu, muuguzi, meneja wa hoteli ya Shela, wote husoma barua wakiwa botini. Kukataza ni kuandika kanuni itakayovunjwa kabla wino haujakauka, na kanuni inayovunjwa na kila mtu huficha zaidi ya inavyolinda.

Sasa tazama zinazobebwa na barua hizo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya LAPSSET, ile ambayo gati yake ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021. Waliostahili fidia walikuwa takriban 4,600. Fidia ya namna hiyo hailipwi bila orodha, na orodha ya wanaolipwa huwa na majina, namba za vitambulisho, namba za simu na akaunti za benki. Ni faili ambalo tapeli angelitamani kuliko lulu. Mambo ya ardhi ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hatimiliki za takriban ekari 500,000 katika kaunti hii, na yeyote anayejua uchungu wa ardhi pwani anaelewa barua moja ya mpimaji au ya wakili ikiangukia mikono mibaya inaweza kufanya nini. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la kusikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa kampuni ya Amu Power. Katika mabishano kama yale, ya wanavijiji na wawekezaji, kila upande una siri zake za halali, mashahidi wake na mikakati ya mawakili wake. Hospitali hutuma barua za rufaa za wagonjwa. Hoteli hupokea picha za pasipoti za wageni.

Hoteli nizitulie kidogo, kwa sababu ndiko wizi wa barua pepe unakoleta hasara ya haraka zaidi. Mgeni aliyeko Ulaya huweka nafasi ya nyumba kwa barua pepe na kulipa amana kwa benki. Mwizi aliyepata njia ya kulisoma sanduku la meneja hahitaji kuvunja kitu. Hukaa kimya, akasoma, akajifunza mtindo wa kuandika, akajua mgeni yupi analipa wiki gani, kisha siku ya siku humwandikia mgeni kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni hulipa, na hufika Manda na risiti mkononi huku hoteli haijaona hata senti. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilihesabu hasara ya udanganyifu wa aina hii iliyoripotiwa kwake mwaka 2023 kuwa dola bilioni 2.9. Mwizi wa namna hii mara nyingi huunganisha chombo chake na sanduku, na akifanya hivyo kwa njia inayotumiwa na simu, jina la chombo hicho huandikwa papo hapo katika orodha, wazi, pamoja na siku kilipoingia. Kinachokosekana ni jicho la kukiona.

Sheria nayo imelizungumza jambo hili, ingawa haikuitaja simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyoanza kutumika Novemba 2019, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba taarifa hizo zimeangukia mikono isiyoruhusiwa na kwamba kuna hatari ya kweli ya madhara. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, kwa hiyo sheria hii si maandishi matupu tena; faini yake yaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia ikiwa hiyo ndiyo ndogo. Saa 72 ni siku tatu. Katika siku hizo ofisi iseme simu gani imepotea, ilikuwa ya nani, ilichukua barua mara ya mwisho lini, na ilikuwa na kinga gani. Asiye na orodha atasema nini? Na asiye nayo hupoteza nafuu pia, kwa sababu sheria hiyo hiyo haimlazimishi kuwatangazia walioathirika iwapo taarifa zilikuwa zimelindwa ipasavyo, kwa usimbaji kwa mfano. Orodha ndiyo inayoonyesha kwamba simu iliyopotea ilikuwa imekubali masharti ya kufungwa kwa namba ya siri na kusimba yaliyomo. Bila ushahidi huo, hoteli italazimika kuwaandikia wageni wote barua ya fedheha, pengine pasipo haja.

Amu, hata hivyo, si mgeni wa kutunza kumbukumbu za barua. Wajerumani walifungua wakala wa posta hapa Novemba 1888, kwa ajili ya biashara yao na usultani wa Witu, wakaufunga mwisho wa Machi 1891. Nyumba yake leo ni makumbusho. Barua zilizopitia pale zilipigwa mhuri wenye jina la mji na tarehe, na zaidi ya miaka 130 baadaye mkusanyaji wa stempu anaweza kuishika bahasha na kukuambia ilipita Lamu siku gani. Inachekesha kidogo, na inaudhi kidogo, kwamba ofisi ya leo yenye intaneti ikiulizwa barua zake zimepita mikono mingapi hukuna kichwa.

Nisiipambe orodha kupita kiasi. Ina upofu wake. Huonyesha vyombo vilivyojiunga kwa utaratibu wa simu, lakini mtu akifungua barua zake kwenye kivinjari katika duka la intaneti, au akiziunganisha kwa njia za kizamani za kupakua barua, huenda asionekane katika ripoti hiyo. Itabidi kutazama kumbukumbu za kuingia, ambazo ni daftari jingine. Vilevile modeli ya simu ni maneno ya simu yenyewe, na chombo kilichoundwa kudanganya kinaweza kudanganya. Isitoshe, mwizi anaweza kuingia mara moja, akaweka kanuni ya kumpelekea nakala ya kila barua, kisha akatoka asirudi tena. Kwa hiyo orodha si ukuta. Ni hatua ya kwanza, ya bei nafuu kuliko zote, na anayeiruka hiyo akakimbilia kununua mitambo ya ulinzi ya mamilioni anafanana na anayeweka mlinzi wa usiku bila kujua funguo za nyumba ziko kwa nani.

Sasa pingamizi. La kwanza, na zito kuliko yote, ni la faragha: simu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, ofisi ina haki gani kuiorodhesha? Watu wa Lamu wana sababu ya kuliuliza swali hili kwa sauti kali. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kaunti hii iliishi miezi kadhaa chini ya amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa usiku wakakosa bahari yao. Aliyezoea kudaiwa kitambulisho njiani halaumiwi akiona kila orodha ni utangulizi wa msako. Kitaifa pia kuna mifano. Mpango wa utambulisho wa Huduma Namba ulikwama Oktoba 2021 pale Mahakama Kuu iliposema ulianzishwa bila tathmini ya athari zake kwa ulinzi wa data. Agizo lililopangwa kuanza Januari 2025 la kutaka namba za utambulisho wa simu, IMEI, zitajwe kwa mamlaka ya ushuru nalo lilifutwa na Mahakama Kuu mwaka huo huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mahakama zimeonyesha kwamba kifungu hicho kina meno.

Nalikubali pingamizi hili nusu, na nusu hiyo ni muhimu. Nyumba ya mawe ya Amu ilijengwa na watu waliolifikiria jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Mgeni huanzia dakani, kwenye viti vya mawe vilivyo mlangoni. Hapo hukaribishwa, huzungumza, hunywa kahawa. Akiingia ndani zaidi hukuta kiwanda, kisha misana, halafu chumba kiitwacho ndani, kisichofikiwa na asiye wa nyumba. Mwenye nyumba ana haki kamili ya kujua nani ameketi dakani kwake. Kumjua huko hakumpi ruhusa ya kwenda kwa mgeni na kupekua chumba chake cha ndani. Simu ya mfanyakazi ikija kuchukua barua za ofisi imekuja dakani kwa ofisi. Yenyewe ndiyo iliyobisha hodi. Ripoti ya vifaa huandika kwamba imebisha, ni ya aina gani, na lini. Haioni picha za arusi, haisomi mazungumzo ya WhatsApp, haijui salio la M-PESA. Hapa ndipo inapotofautiana na orodha ya serikali inayomfuata mtu asiyebisha hodi popote.

Nusu niliyoikubali ni hii: orodha inaweza kutumiwa vibaya, na mwajiri mwenye tamaa ataitumia. Saa ya kuchukua barua mara ya mwisho inamvutia meneja anayetaka kujua nani alikuwa macho usiku wa manane na nani alichelewa asubuhi. Ni matumizi ya kipumbavu, kwanza kwa sababu simu huchukua barua yenyewe hata mwenye simu akiwa amelala fofofo, hivyo saa ile haithibitishi lolote. Na pili kwa sababu taarifa iliyokusanywa kwa usalama ikigeuzwa fimbo ya nidhamu imevunja sharti la sheria kwamba data itumike kwa lengo ililokusanyiwa. Kumbukumbu za kuingia nazo huweka anwani za mtandao zinazoweza kudokeza mtu yuko mji gani. Kwa hiyo mipaka iandikwe kabla ya simu ya kwanza kuunganishwa, kwa Kiswahili kinachosomeka, si kwa Kiingereza cha mawakili kinachotiwa saini bila kusomwa: kinachoandikwa ni kipi, nani anakiona, kinahifadhiwa muda gani, na hakitatumika kwa lipi. Na kila mfanyakazi aoneshwe mstari wake mwenyewe katika orodha akitaka. Sheria inampa haki hiyo. Zaidi ya haki, inamsaidia: yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba simu ya tatu chini ya jina lake si yake. Siku fedha zitakapopotea na macho yote kumgeukia, mstari huo ndio utakaomtetea.

Pingamizi la pili ni la kufuta kwa mbali. Mtambo unaoorodhesha simu unaweza pia kuiamuru ijifute, na amri ya zamani ya ActiveSync hufuta kila kitu, ikairudisha simu ilivyotoka kiwandani. Picha za mtoto zikaenda pamoja na ankara za hoteli. Pesa za M-PESA hazipotei, kwa kuwa haziko ndani ya simu, lakini pesa si kitu pekee ambacho mtu hukililia. Hofu hii ni ya haki, na dawa yake ipo: matoleo ya karibuni yana amri ya pili, inayofuta akaunti ya ofisi tu na kuacha mengine yote mahali pake. Ofisi iahidi kutumia hiyo, na ile ya kufuta yote ibaki kwa simu zilizonunuliwa na ofisi, au kwa simu iliyoibwa ambayo mwenyewe ameomba ifutwe. Mwajiri asiyekubali sharti hilo awanunulie watu wake simu. Simu ya kazi ya bei ya kawaida ni rahisi kuliko kesi.

Wenye nyumba ndogo za wageni watasema hayo ni ya mashirika makubwa. Sisi hatuna seva, tuna anwani moja ya Gmail ya bure na nywila inayojulikana na watu watano. Hapo ndipo penye hatari zaidi, wala seva haihitajiki. Akaunti ya Google yenyewe, katika sehemu ya usalama, huonyesha vifaa vyote vilivyoingia, na kuviondoa ni kubofya tu. Tatizo ni ile nywila ya watu watano: simu tano zikiingia kwa jina moja, orodha haisemi nani ni nani, na mmoja akifukuzwa itabidi kuwafungia nje wote. Kila mtu apewe anwani yake. Na wasijidanganye kwamba udogo unawaficha. Kanuni za usajili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data huwasamehe wenye mapato yasiyofika shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini biashara za ukarimu kwa wageni zimetajwa kati ya zile zisizosamehewa kwa udogo. Waongoza watalii wameachwa nje ya kundi hilo kwa jina. Mwenye nyumba ya wageni hakuachwa.

Linabaki pingamizi ambalo sina jibu lake kamili. Lamu, kama Kenya nzima, kazi nyingi hazipiti tena kwenye barua pepe, zinapita WhatsApp. Picha za pasipoti, risiti, hata majina ya wagonjwa, hutupwa katika kikundi cha kazini na kila mwanakikundi akabaki na nakala. Programu ile humwonyesha mwenye akaunti vifaa vyake vilivyounganishwa, lakini humwonyesha yeye, si ofisi. Mfanyakazi akiondoka huondoka na yote. Kwa wengine hii ni hoja ya kuacha kuhangaika na orodha ya barua pepe. Mimi naiona kuwa hoja ya kuzirudisha nyaraka nyeti kwenye barua pepe, kwa sababu huko ndiko ofisi bado ina mlango, na mlango una orodha ya waliobisha hodi. WhatsApp ibaki ya kuulizana boti inaondoka saa ngapi.

Basi, msomaji, kabla hujaiuza simu yako au kumpa mpwa, fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, ondoa ile ya kazi, kisha mwambie fundi wa kompyuta wa ofisini kwenu aifute simu hiyo katika orodha. Akikuuliza orodha gani, mpe makala haya ayasome.